Kupima mvutano wa Dunia kwa mshipi na timazi: mwongozo kwa walioko Kigoma na Tabora

Kitabu cha fizikia cha sekondari humpa mwanafunzi namba moja tu: g, yaani mvutano wa Dunia, ni 9.8. Mwalimu akiwa na haraka anaikuza iwe 10, na mtihani unapita. Namba hiyo ina kwao. Mwaka 1901 mkutano wa kimataifa wa vipimo ulipitisha 9.80665 kuwa thamani ya kawaida, ikikusudiwa usawa wa bahari kwenye latitudo ya digrii 45, yaani mbali sana na sisi. Ukiwa Ujiji au Mwanga, huko Kigoma, kitu kinachodondoka huongeza kasi kwa mita 9.778 hivi kwa sekunde, kila sekunde. Tabora ni 9.777 hivi.

Tofauti hiyo unaweza kuiona mwenyewe kwa kutumia mshipi wa mvuvi, timazi ya fundi mwashi na simu. Ukishaiona, utajua pia inagusa nini kwenye mizani ya sokoni na haigusi nini, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo.

Anza na hesabu, kamba baadaye

Mvutano haulingani duniani kwa sababu tatu kubwa. Ya kwanza ni mzunguko: Dunia inajizungusha, na aliye ikweta huzungushwa kwa kasi kuliko aliye karibu na ncha, kwa hiyo sehemu ndogo ya mvutano inatumika kumshikilia asichepuke. Pale ikweta hilo peke yake hupunguza 0.034. Ya pili ni umbo: Dunia imetuna katikati, nusu kipenyo chake ikweta ni kilomita 6,378 na nchani kilomita 6,357, basi mtu wa ikweta yuko mbali zaidi na kitovu kwa kilomita 21. Mzunguko na umbo vikijumlishwa, g huwa 9.780 ikweta na 9.832 nchani. Ya tatu ni mwinuko: kila unapopanda mita 1,000, g inashuka kwa 0.003.

Zipo sababu nyingine ndogo, kama aina ya miamba iliyo chini yako. Nitaigusa tukifika ziwani.

Kupata makadirio ya mahali ulipo unahitaji latitudo na mwinuko, na vyote viwili simu yenye ramani inavyo. Kanuni iliyofupishwa ni hii:

g = 9.7803 + 0.0519 × (sin ya latitudo, kisha mraba wake) − 0.0000031 × mwinuko kwa mita

Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, siyo radiani. Kwa Kigoma mjini latitudo ni 4.88 kusini. Sin yake ni 0.0851, mraba wake 0.00724, ukizidisha kwa 0.0519 unapata 0.0004. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Chukua 775 kwa nyumba zilizo karibu na maji, zidisha, unapata 0.0024. Jibu: 9.7803 + 0.0004 − 0.0024 = 9.7783. Ukikaa juu mlimani, weka mwinuko wako.

Kwa Tabora latitudo ni 5.02 na mwinuko ni mita 1,200 hivi. Jibu ni 9.7770.

Hesabu hizi mbili zinaonyesha jambo moja wazi: latitudo haitupi kitu. Kigoma na Tabora ziko karibu mstari mmoja wa mashariki na magharibi, na zote zimeikaribia ikweta kiasi kwamba sehemu ya latitudo ni 0.0004 tu. Kinachozitofautisha ni mwinuko. Ndiyo maana Dar es Salaam, iliyo baharini, inafika 9.781 huku Tabora ikibaki chini. Usihangaike kama simu yako inakosea mwinuko kwa mita 30, kwani kosa hilo ni 0.0001.

Andika namba yako kwenye daftari, ifunike. Sasa ipime kwa pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye kamba.

Vifaa

Tafuta timazi ya fundi mwashi, ile ya chuma au shaba, yenye uzito wa nusu kilo kwenda juu. Kufuli kubwa pia linafaa. Epuka kitu chepesi chenye mwili mkubwa kama mpira au chupa ya maji, kwa sababu hewa itakipunguza mwendo mapema.

Kamba iwe mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, ambao Kigoma hauna shida kupatikana. Uzi wa kusokotwa uache: unajizungusha na unavutika. Hata mshipi wa nailoni unavutika kidogo unapobeba mzigo, kwa hiyo utundike na timazi yake jioni, ulale, na asubuhi upime urefu ukiwa bado umening'inia. Ukipima kamba ikiwa mezani halafu ukaitundika, umeshakosea kabla hujaanza.

Futi iwe ya chuma, ya fundi seremala. Ile laini ya fundi cherehani hurefuka kadiri inavyozeeka.

Mahali pa kutundika ni kenchi ya nyumba isiyotikisika, ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Watu hupenda kivuli cha mwembe, na miembe ya Ujiji inajulikana, lakini tawi linacheza na upepo wa ziwani unaingia mchana. Tawi likicheza, pendulamu inabadilisha muda wake na hutajua. Fanya kazi asubuhi mapema.

Mwisho, misumari miwili au skrubu na vipande viwili vidogo vya mbao ngumu. Hivi ni muhimu kuliko vinavyoonekana. Ukifunga mshipi kwa fundo kwenye boriti, fundo huteleza na kujizungusha, na urefu hauna mwanzo unaoeleweka. Ubane mshipi katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyokazwa, kingo zao za chini zikiwa zimenyooka na ziko sawa. Urefu unaanzia pale kwenye kingo.

Urefu wa aina mbili, kwa sababu ya kitovu cha timazi

Kanuni ya pendulamu inataka urefu kutoka sehemu ya kubanwa hadi kitovu cha uzito cha timazi. Kitovu kiko wapi kwenye kitu chenye umbo la pia? Unaweza kukilaza timazi juu ya kisu na kutafuta pale kinapotulia bila kuangukia upande, lakini bado utabahatisha milimita mbili tatu, na ndoano yake inaongeza utata.

Njia nzuri ni kukwepa swali lenyewe. Tia alama ya wino kwenye mshipi, karibu na timazi, na urefu uupime kutoka kwenye kingo za mbao hadi alama hiyo. Pima muda wa kubembea kamba ikiwa ndefu, kisha ifupishe kwa kuuvuta mshipi juu na kuubana tena kwenye mbao zile zile, na upime tena. Usiguse timazi wala fundo lake. Umbali kutoka alama hadi kitovu ni ule ule mara zote mbili, hivyo ukitoa urefu mmoja kwa mwingine unajifuta wenyewe. Kanuni inakuwa:

g = 39.478 × (urefu mrefu − urefu mfupi) ÷ (T ndefu mraba − T fupi mraba)

T ni muda wa bembea moja kamili: kwenda na kurudi. 39.478 ni pai mraba mara nne.

Kama kenchi yako inaruhusu, kamba ndefu iwe karibu mita 2.5 na fupi mita 1, ili tofauti iwe mita 1.5 kamili. Pima tofauti hiyo kwa uangalifu wote ulio nao, kwa sababu kosa la milimita 1.5 tu linasogeza jibu kwa 0.01. Tofauti unayoitafuta, kati ya 9.81 ya nchi za baridi na 9.78 ya kwetu, ni 0.03. Unaelewa kwa nini nasisitiza futi ya chuma.

Kubembeza na kuhesabu

Chora mstari wa chaki ukutani nyuma ya kamba inapotulia. Kaa mahali ambapo kamba inaufunika mstari huo, na usihame mpaka umalize.

Vuta timazi pembeni kwa sentimita 10, isizidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu bembea kubwa inapendeza macho na inadumu. Pembe ikifika digrii 10, muda wa bembea unarefuka kwa karibu asilimia 0.2, na g unayokokotoa inashuka kwa karibu asilimia 0.4. Hicho ni kiasi kile kile cha tofauti kati ya London na Kigoma! Utadhani umegundua jambo kumbe umevuta kamba kupita kiasi. Kwa kamba ya mita 2.5, sentimita 10 ni digrii mbili na kidogo, na kosa lake halionekani. Kwa kamba ya mita 1, vuta sentimita 4 tu.

Usiisukume kwa kidole. Ukisukuma, timazi inazunguka ikichora umbo la yai badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja. Ifunge pembeni kwa uzi wa cherehani, isubiri itulie kabisa, kisha uuchome uzi kwa kiberiti. Inaondoka yenyewe, imenyooka. Wanafunzi hufurahia sehemu hii kuliko zote, na ni kweli inafaa.

Acha bembea kadhaa zipite. Sasa kamba inapopita mbele ya chaki ikielekea, tuseme, dirishani, bonyeza saa ya simu na utamke "sifuri". Inaporudi tena kupita ikielekea dirishani, "moja". Endelea hadi 100, bonyeza. Pima pale katikati, siyo pembeni inapogeuka, kwa sababu pembeni kamba inasita na jicho linasita nayo. Kuhesabu na kubonyeza ni kazi za watu wawili: mmoja anatamka kwa sauti, mwingine anashika simu. Mshika simu awe yule yule kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana uchelewaji wa kidole chake mwanzoni utafutana na uchelewaji wake mwishoni.

Rudia mara tano kwa kila urefu, chukua wastani. Kosa la sekunde 0.1 kwenye kamba ndefu linasogeza g kwa 0.01, basi marudio si mapambo. Mwenye subira ahesabu bembea 200, kosa linakatika nusu.

Mfano wa hesabu: bembea 100 za kamba ndefu zikichukua sekunde 317.7, T ni 3.177 na mraba wake 10.093. Za kamba fupi zikichukua 200.9, T ni 2.009 na mraba wake 4.036. Tofauti ni 6.057. Zidisha 39.478 kwa 1.5, unapata 59.217, gawa kwa 6.057, unapata 9.777. Kama kweli ungekuwa mahali pa 9.81, kamba ile ile ndefu ingechukua sekunde 317.2 na fupi 200.6. Nusu sekunde kwa zaidi ya dakika tano: ndogo, lakini kwa mkono mtulivu inashikika.

Usichoweza kukishika kwa njia hii ni tofauti ya Kigoma na Tabora. Hiyo ni sehemu kama moja kwa elfu 15 ya muda wa bembea, yaani sekunde 0.02 kwa bembea 100 za kamba ndefu. Mtu akipima mjini Kigoma, akapanda gari moshi hadi Tabora na kutangaza kwamba ameona mvutano ukipungua kwa pendulamu ya mshipi, amepima makosa yake.

Namba ikikataa

Kila kosa lina alama yake, kwa hiyo usifute matokeo mabaya, yasome.

Ukipata 9.97 hivi, mhesabuji alianza na "moja" badala ya "sifuri". Alihesabu bembea 99 akadhani ni 100, muda ukaonekana mfupi kwa asilimia 1, na g ikapanda kwa asilimia 2. Ni kosa la kawaida kuliko yote.

Ukipata 39, ulihesabu kwenda peke yake kuwa bembea moja na kurudi kuwa nyingine.

Ikiwa kati ya 9.73 na 9.75 kila mara, angalia pembe. Ikiruka ruka, leo 9.70 kesho 9.85, kitu kinateleza au kinacheza: angalia vile vipande vya mbao, angalia kenchi, angalia kama kuna upenyo wa upepo chini ya mlango. Na ikiwa imetulia lakini iko mbali, pima upya ile mita 1.5 timazi ikiwa inaning'inia.

Wengine watauliza kuhusu simu yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna kihisi cha mchapuko (kuongezeka kwa kasi) na zipo programu za bure zinazokionyesha. Kijaribu kwa kujifurahisha. Simu ikilala chali itasoma pengine 9.85, ukiigeuza kifudifudi itasoma 9.72, kwa sababu kihisi cha simu ya kawaida kina kosa lake la kuzaliwa ambalo ni kubwa kuliko tofauti yote tunayoitafuta. Wastani wa kulala chali na kifudifudi unasaidia kidogo. Kamba bado inashinda.

Waliotutangulia kwa pendulamu

Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini. Saa iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ili kuirudisha alilazimika kufupisha pendulamu yake, yenye urefu wa karibu mita moja, kwa milimita zisizofika 3. Newton aliitumia taarifa hiyo kwenye kitabu chake cha 1687 kuonyesha kwamba mvutano ni mdogo karibu na ikweta na kwamba Dunia imetuna katikati. Sasa fungua ramani utafute Cayenne: iko digrii 4.9 kaskazini ya ikweta. Kigoma iko digrii 4.9 kusini. Richer angeweza kuja Ujiji akaona jambo lile lile, na zaidi kidogo kwa sababu ya mwinuko.

Kwa pendulamu hiyo hiyo, ingawa ya kitaalamu, Wajerumani waliipima nchi hii mwaka 1899 na 1900 wakati wa ukoloni wao. Muingereza Edward Bullard akaja miaka ya 1930 kupima mvutano Afrika Mashariki, pamoja na eneo la Bonde la Ufa, na akachapisha matokeo mwaka 1936. Bonde la Ufa lilimtatiza: lilikuwa na upungufu wa mvutano kuliko hesabu ya latitudo na mwinuko ilivyotarajia.

Ziwa letu linasaidia kuelewa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa zaidi. Mahali ambapo pangekuwa na mwamba pamejaa maji, na ujazo ule ule wa maji ni mwepesi kuliko wa mwamba mara mbili na nusu. Chini ya maji kuna matope mengi yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka, nayo ni mepesi kuliko mwamba. Kwa makadirio, maji peke yake yanaweza kupunguza g juu ya kilindi kwa karibu 0.001 ukilinganisha na mahali ambapo pangekuwa mwamba mtupu. Usijaribu kuipima kwenye mtumbwi, wala kwenye meli. Chombo kinachoyumba hakina pendulamu, kina kengele.

Sasa mizani

Kiasi cha dagaa kilichomo kwenye gunia, tuite tungamo, hakibadiliki likisafirishwa. Kinachobadilika ni uzito, yaani jinsi Dunia inavyolivuta gunia hilo. Swali la kujiuliza mbele ya mizani yoyote ni: hii inalinganisha au inavutwa?

Mizani ya mawe, ile ya sahani mbili au ya mkono wenye jiwe linalosogezwa, inalinganisha. Mvutano ukipungua, unapungua kwa dagaa na kwa jiwe sawasawa. Ipeleke Kigoma, ipeleke London, ipeleke kilele cha Kilimanjaro: jibu ni lile lile.

Mizani ya springi, ya kuning'iniza yenye mshale, inavutwa. Ya kidijitali pia, hata kama inaandika kilo kwa tarakimu nyekundu zinazotia imani. Ndani yake kuna chuma kinachopinda kidogo kikibanwa, na mashine inageuza mpindo kuwa kilo kwa kutumia g ya mahali iliporekebishwa. Iliporekebishwa na inapotumika pakiwa mbalimbali, inakosea. Inakosea kiasi gani? Gawa g ya hapa kwa g ya kule.

Chukua gunia lenye kilo 100 kamili, lipimwe Kigoma kwa mizani iliyorekebishwa kwingine na haikuguswa tena:

- Iliyorekebishwa London, yenye 9.812: itasoma kama 99.66. Gramu 340 zimepotea.
- Iliyorekebishwa Guangzhou, yenye 9.788: itasoma 99.90. Gramu 100.
- Iliyorekebishwa Dar es Salaam: itapunguza gramu 30 hivi. Ukiipeleka Tabora, gramu 40 na kidogo.
- Iliyorekebishwa Kigoma ikapelekwa Tabora: gramu 13.

Hata ukichukua pembe mbili za dunia zilizozidiana kuliko zote, mlima Huascarán wa Peru unaokadiriwa kuwa na 9.764 na bahari ya Aktiki yenye 9.834, tofauti ni asilimia 0.7. Ni gramu 700 kwa gunia la kilo 100, na hakuna anayenunua dagaa kule.

Basi mzigo uliotoka Kigoma ukiwa kilo 100 ukisoma 97 Tabora, na mnunuzi akakwambia, "Dada, huku ni juu, mizani inashuka," mwambie inashuka gramu 13. Kilo tatu zina maelezo mengine. Dagaa waliopakiwa hawajakauka vizuri wanapoteza maji njiani. Majani ya tumbaku ya Urambo huongeza au kupunguza uzito kulingana na unyevu wa hewa. Gunia hutoboka. Na mizani huchezewa, pande zote mbili za reli. Ukiongeza na lumbesa, ambayo haipimi chochote zaidi ya nguvu ya kushona, mvutano wa Dunia ndiye mtuhumiwa wa mwisho kabisa kwenye orodha.

Mawese yanayouzwa kwa dumu hayaingii kwenye hesabu hii kabisa. Lita haijui mvutano.

Anayepaswa kujali gramu hizi ni mwenye mizani ndogo na bidhaa ya bei. Wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Nzega, kwa mfano: mizani ya kidijitali iliyonunuliwa mtandaoni, iliyorekebishwa kiwandani mbali na hapa, ikikosea asilimia 0.1 inamla muuzaji gramu 0.01 kwa kila gramu 10. Zinarundikana.

Kuikagua ni kazi ndogo. Tafuta jiwe la mizani lenye muhuri, la uzito unaokaribia mizigo unayopima. Kwa mizani ya dhahabu tumia jiwe dogo la gramu linalouzwa pamoja na mizani nzuri. Weka mizani mahali palipo sawa, ukitumia pima maji ya fundi kama huna uhakika, mbali na feni na jua. Iwashe, iache ipate joto lake dakika kumi au zaidi. Ikiwa tupu isome sifuri. Weka jiwe katikati ya sahani, soma, ondoa, rudia, kisha weka pembeni pembeni pia. Jiwe la kilo 20 likisoma 19.98 kila mahali kila mara, hilo linafanana na mizani iliyotoka nchi ya mbali bila kurekebishwa hapa. Likisoma 19.98 katikati na 19.90 pembeni, mizani imeharibika, mvutano hauhusiki. Likisoma 19.5, usitafute sababu kwenye fizikia.

Mizani ya nyumbani au ya maabara ya shule nyingi zina kitufe cha kurekebisha, mara nyingi kimeandikwa CAL: unakibonyeza, mizani inakuonyesha jiwe inalolitaka, unaliweka, inajipanga upya kwa g ya hapo ilipo. Fanya hivyo kila inapohamishwa mkoa. Mizani ya biashara iliyofungwa lakiri usiifungue mwenyewe hata kama unajua pa kugusa. Ikaguliwe na kupigwa muhuri upya na Wakala wa Vipimo. Wakimaliza, weka tena jiwe lako, na lisome 20.00 kabla gunia la kwanza halijapanda.